Somo la 9: Bustani Katika Majira Yasiyotabirika

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 8:20–22; Kumbukumbu la Torati 11:10–15; Luka 13:1–9; Mhubiri 11:1–6; Isaya 28:23–29; Kutoka 34:21; Isaya 58:6–14.

Fungu la Kukariri: Mhubiri 11:6. Lisome katika Biblia yako kwa sauti pamoja na watu wa nyumbani mwako, nanyi mlikariri wote kabla ya Sabato ijayo.

Tuseme yuko mama mmoja huko Nkome, kando ya Ziwa Victoria katika Wilaya ya Geita. Nyuma ya jiko lake ana bustani ndogo ya mchicha, kunde na mgagani, na matembele yameota karibu na mahali pa kuogea. Mumewe yuko machimboni na bado hajatuma kitu. Mvua ya vuli ilianza mapema mwezi wa Oktoba, ikanyesha siku tatu, naye akapanda karibu mbegu zake zote. Kisha mvua ikakatika. Jua likawaka majuma matatu, na miche yote ikanyauka.

Leo wingu jeusi limeonekana tena upande wa ziwani. Mama huyu amebakiwa na kikombe kimoja cha kunde. Akizipanda na mvua ikakatika tena, atakuwa amepoteza mbegu na chakula pia. Akizipika, watoto watakula leo, lakini mwezi ujao hakutakuwa na mboga wala mbegu.

Afanye nini? Wengi wanaosoma somo hili wamewahi kukishika kikombe hicho. Juma hili tutaona kwamba Biblia ina mengi ya kumwambia mkulima ambaye majira yamemchanganya, na pia ina neno kwa kanisa linaloketi karibu naye kila Sabato.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Ahadi Isiyokuwa na Tarehe

Soma Mwanzo 8:20–22. Mungu aliahidi nini baada ya gharika? Je, kuna jambo ambalo watu hudhani aliliahidi, lakini halimo katika mafungu haya?

Nuhu alitoka safinani akakanyaga nchi iliyokuwa imeharibiwa na maji. Hakuwa na shamba, wala hakuwa na jirani wa kumwomba mbegu. Hapo ndipo Bwana alipoahidi kwamba maadamu dunia ipo, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna havitakoma. Katika sura inayofuata tunamkuta Nuhu akilima na kupanda (Mwanzo 9:20). Aliiamini ahadi kwa kushika kazi.

Ukanda wa Ziwa Victoria hupata misimu miwili ya mvua: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Wazee wetu walizisoma dalili za upepo, ndege na miti, nao wakajua siku ya kuanza kulima. Siku hizi dalili hizo mara nyingi hazilingani na mvua inayokuja. Mvua huchelewa, au huanza na kukatika, au hushuka yote kwa siku chache na kuondoka na udongo. Hata ziwa limetufundisha jambo hili. Mwaka 2006 maji yake yalishuka kuliko yalivyokuwa yameonekana kwa miongo mingi. Mei 2020 yalipanda hadi kuvunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena na kufunika mashamba na makazi ya ufukweni.

Je, ahadi ya Mungu imeshindwa? Soma tena. Bwana aliahidi kwamba kupanda na kuvuna kutaendelea. Hakusema kwamba mvua itaanza tarehe ileile kila mwaka, wala kwamba kila mbegu itaota. Katika Kumbukumbu la Torati 11:10–15 Israeli waliambiwa kwamba nchi waliyokuwa wakiiendea haikuwa kama Misri, ambako mtu aliinywesha bustani yake ya mboga kwa mguu wake. Walikuwa wanakwenda kwenye vilima na mabonde yanayokunywa maji ya mbinguni. Ni nchi ambayo ingewafundisha kumtazama Mungu kila msimu.

Je, imani yako imekaa juu ya ahadi ya Mungu, au juu ya mazoea ya majira uliyoyajua utotoni? Utajuaje tofauti?

JUMATATU

Nani Alaumiwe?

Soma Luka 13:1–5 na Mathayo 5:45. Watu waliomwendea Yesu walidhani nini kuhusu wale waliopatwa na msiba? Yesu aliwajibuje?

Mvua inapokosekana, watu hutafuta wa kulaumiwa. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita jambo hili limemwaga damu. Wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho hayo yamewekundika kwa moshi wa kuni na samadi, kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Mkristo hawezi kunyamaza anaposikia bibi wa jirani akitajwa kwa minong'ono kwa sababu mahindi ya mtu yamekauka. Yesu alisema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kama mvua haipimwi kwa wema wa mtu, basi ukame hauwezi kuwa ushahidi wa uovu wa bibi yeyote.

Wengine hujilaumu wenyewe. Yule mama wa Nkome huenda akawaza usiku: "Labda ni kwa sababu zaka yangu ilipungua." Ni kweli kwamba katika agano na Israeli Mungu aliifunga mbingu nyakati fulani kwa ajili ya ibada ya sanamu. Lakini alimtuma nabii kulisema jambo hilo waziwazi. Hakuwaachia majirani kazi ya kukisia.

Zipo sababu ambazo tunaweza kuzitaja bila kumwonea mtu. Moshi wa viwanda, magari na mitambo umeongeza joto la dunia, na hewa yenye joto huvuruga mvua. Sehemu kubwa ya moshi huo imetoka katika nchi tajiri. Afrika yote kwa jumla hutoa takriban asilimia 4 tu ya gesi hizo kwa mwaka. Hata hivyo, sisi nasi tuna la kuungama. Miti yetu imekwisha kwa mkaa, kwa kuni, na kwa matimba ya kuegemeza maduara ya dhahabu. Kilima kisicho na miti hakiwezi kuyashika maji ya mvua. Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja (Warumi 8:19–22). Mgagani unaonyauka nyuma ya jiko ni sehemu ya kuugua huko.

Je, umewahi kusikia mtu akilaumiwa kwa sababu ya ukame au mafuriko? Kanisa lako linaweza kusema na kufanya nini ili kumlinda mtu wa namna hiyo?

JUMANNE

"Mwaka Huu Tena"

Soma Luka 13:6–9. Mtunza shamba aliomba nini kwa ajili ya ule mtini? Alijitolea kufanya kazi gani?

Mara tu baada ya kukataa lawama, Yesu alisimulia mfano wa bustani. Mwenye shamba alitaka mti ukatwe. Mtunzaji aliomba mwaka mmoja zaidi, akataja kazi mbili: kuupalilia pande zote na kuutia samadi. Mfano huu kwanza unahusu rehema ya Mungu kwa wenye dhambi. Lakini ona jinsi rehema hiyo inavyoonekana: ina jembe mkononi.

Kazi iliyo muhimu kuliko zote katika bustani ya nyumbani hufanyika kabla ya mvua. Udongo uliolishwa samadi iliyooza au mboji hushika maji kwa siku nyingi kuliko udongo mtupu. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba huzuia jua lisiunyonye unyevu. Mvua zikiwa chache, kitanda cha mboga kichimbwe kiwe chini kidogo kuliko njia, ili kila tone libaki humo. Mvua zikiwa nyingi, kitanda kiinuliwe na mfereji upite kando. Asiye na eneo anaweza kutumia gunia: udongo uliochanganywa na samadi, kokoto katikati za kupitishia maji, na matundu ubavuni ya kupandia miche. Maji ya kuoshea mboga na vyombo, yakiwa hayana sabuni nyingi, yanaweza kulitunza gunia moja katikati ya kiangazi.

Lakini maji yote si sawa. Maji ya mabwawa ya kuoshea dhahabu yasimwagiliwe mboga, kwa maana yanaweza kuwa na zebaki, ambayo huharibu ubongo na figo, na huwadhuru zaidi watoto walio tumboni. Aidha, kiangazi kinapobana, wengi hushawishika kulima hadi ukingoni mwa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, kwa sababu nyasi na matete ya pale huzuia udongo usiingie ziwani. Bustani inayoua mazalia ya samaki inamnyima jirani kitoweo.

Mwaka 1894 waanzilishi wa kanisa letu huko Australia walinunua ekari takriban 1,500 huko Cooranbong kwa ajili ya shule. Mtaalamu wa serikali alikuwa ameupima udongo na kusema ni duni. Ellen G. White aliamini kwamba nchi ile ikitunzwa itazaa. Akahimiza miti ya matunda ipandwe, naye akajenga nyumba yake hapohapo na kuwa na bustani yake. Shule ya Avondale ilifunguliwa mwaka 1897, na wanafunzi wakala mazao ya udongo uliokuwa umedharauliwa.

Ni sehemu gani ya ardhi yako, au ya maisha yako, umeikatia tamaa? Kuipalilia na kuitia samadi "mwaka huu tena" kungekuwa na maana gani?

JUMATANO

Asubuhi na Jioni

Soma Mhubiri 11:1–6 na Isaya 28:23–29. Mhubiri anamwonya mkulima asifanye nini? Isaya anasema ujuzi wa mkulima unatoka wapi?

Mhubiri anamjua mtu anayetazama upepo na mawingu mpaka msimu unapita. Anajua pia kwamba hatuwezi kusema ni mbegu ipi itakayostawi. Shauri lake si kubahatisha kwa kumwaga mbegu zote siku moja. Anasema tupande asubuhi, na jioni tusiuzuie mkono. Katika fungu la 2 anashauri kugawanya sehemu saba, hata nane. Kwa lugha ya bustani, maana yake ni kupanda kwa awamu na kupanda aina nyingi.

Mwenye vikombe vitatu vya mbegu apande kimoja mvua ya kwanza inapolowanisha udongo vizuri, cha pili baada ya majuma mawili, na cha tatu akiweke mpaka mvua ikae. Mchicha na majani ya kunde huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne, kwa hiyo kosa moja halimalizi msimu. Mgagani na mnafu huvumilia kuliko mboga nyingi za kigeni. Marando ya viazi yakitunzwa kwenye unyevu wa bafuni wakati wa kiangazi huwa mbegu ya vuli. Mihogo hungoja ardhini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli na masika kabla ya misimu kuanza, na redio hutangaza. Kuusikiliza si kukosa imani. Isaya anasema Mungu ndiye amfundishaye mkulima kuipanda kila mbegu mahali pake.

Wazee wa Usukuma walikuwa wamelijua jambo hili. Walikata viazi vitamu na kuvikausha kuwa michembe, au walivichemsha kwanza na kuvianika kuwa matobolwa, wakala wakati wa njaa. Walitenga ngitili, malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili mifugo iyapate wakati wa kiangazi. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi za ngitili katika mkoa uliokuwa umekatwa miti vibaya. Wanavijiji walizirudisha kwa desturi yao wenyewe mpaka zikapita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa.

Sasa turudi kwenye kile kikombe cha kunde. Hekima ya Mhubiri inasema kigawanywe: sehemu ipandwe leo, sehemu ingoje. Lakini hapo jioni ya leo watoto watakula nini? Mbegu ikigawanywa mara ngapi haitajaza sufuria. Swali hilo hatuwezi kumwachia mama huyu peke yake.

Ni maarifa gani ya wazee wako kuhusu mbegu, akiba au udongo ambayo kizazi chako kiko karibu kuyasahau?

ALHAMISI

Mvua Inaponyesha Siku ya Sabato

Soma Kutoka 34:21. Kwa nini Mungu alitaja kwa jina wakati wa kulima na wakati wa kuvuna?

Ni rahisi kupumzika Sabato wakati shamba halina kazi. Bwana alitaja nyakati ambazo siku moja ina thamani kubwa. Tuseme mvua iliyongojewa majuma matano inanyesha usiku wa Ijumaa. Asubuhi udongo umelainika, na barabara yote imejaa majirani wenye majembe. Mwadventista anavaa nguo za ibada na kupita katikati yao. Majirani wanamtazama. Wengine wanamhurumia, wengine wanacheka. Jua likiwaka kesho, unyevu utakuwa umepungua.

Tusilifanye jaribu hili kuwa dogo, hasa kwa mtu ambaye watoto wake wamelala njaa. Ndiyo maana siku ya maandalio inaanza mapema kuliko Ijumaa. Kitanda kilichotiwa mboji na kufunikwa matandazo tangu Septemba huushika unyevu wa Sabato mpaka Jumapili asubuhi. Mashimo yaliyochimbwa mapema hayamlazimu mtu kukimbizana na wingu. Bidii ya siku sita ndiyo inayoifanya siku ya saba iwe raha. Na baada ya bidii hiyo, bado tunabaki na imani ileile ya Israeli waliolala usiku bila kwenda kutafuta mana Sabato.

Soma Isaya 58:6–14. Ahadi ya kuwa kama bustani iliyotiwa maji inafuata matendo gani?

Tunaipenda sura hii kwa sababu ya mafungu mawili ya mwisho yanayohusu Sabato. Lakini kabla ya hayo Bwana anasema juu ya kumgawia mwenye njaa chakula. Ndipo anapoahidi, katika fungu la 11, kwamba ataishibisha nafsi mahali penye ukame, na mtu atakuwa kama bustani yenye maji. Sabato na sufuria ya jirani zimo katika sura moja. Kanisa linalomfundisha mama wa Nkome asipande siku ya Sabato linapaswa pia kujua kama ana chakula cha Jumamosi jioni, na kama ana mbegu ya Jumapili asubuhi.

Je, kuna mtu katika darasa lako ambaye kuitunza Sabato msimu huu kutamgharimu kuliko kunavyokugharimu wewe? Utamsaidiaje kabla ya Sabato ijayo?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma 1 Wafalme 17:8–16; Zaburi 126; Yeremia 29:4–7; Yakobo 5:7–8.

Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni Babeli, waliotamani kurudi kwao upesi, akawaambia wapande bustani na kula matunda yake. Tumaini la kwenda nyumbani halikuwazuia kushika jembe. Sisi pia tunangoja marejeo ya Bwana wetu, na mabadiliko ya dunia yanatukumbusha kwamba nchi hii si ya kudumu. Lakini Yakobo, anapotaka kutuonyesha namna ya kumngoja Bwana, anatuonyesha mkulima: mtu aliyekwisha kupanda, anayeivumilia mvua ya kwanza na ya mwisho.

Zaburi 126 inamsema mtu aendaye akilia huku amechukua mbegu. Aliyewahi kupanda mbegu ambazo watoto walitamani kuzila anayaelewa machozi hayo. Zaburi haimkemei kwa kulia. Inamwahidi kwamba atarudi na miganda.

Mjane wa Sarepta alimpa nabii mkate wa unga wake wa mwisho, na pipa halikupungua. Tuwe waangalifu na kisa hiki. Mungu mwenyewe alikuwa amemtuma Eliya kwa mjane yule, akiwa na ahadi mkononi. Kisa hiki hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kumdai maskini konzi yake ya mwisho. Kinatuonyesha Mungu anayeingia katika nyumba yenye njaa na kukaa humo mpaka mvua irudi. Kanisa linaloitwa kwa jina lake liende hukohuko.

Maswali ya Kujadili:

1. Yule mama wa Nkome amekuja kwako na kikombe chake. Kabla ya kumpa fungu la Biblia, ungemuuliza nini? Baada ya kumsikiliza, darasa lenu lingefanya nini?

2. Mshiriki mmoja anasema, "Mabadiliko ya hali ya hewa ni dalili za mwisho, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda miti." Mwingine anasema, "Tukipanda miti ya kutosha mambo yote yatakuwa sawa." Ni ukweli gani umo katika kila usemi, na ni nini kinachokosekana?

3. Mvua kubwa imeanza Sabato asubuhi na maji yanabomoa kitanda cha miche ya mjane. Je, kugeuza mfereji ni kazi ya rehema (Luka 14:5), au ni kazi ya Jumapili? Jadilini bila kuhukumiana.

4. Pangeni akiba ya mbegu ya darasa: kila nyumba ilete kikombe kimoja cha kunde, mchicha, mgagani au bamia kutoka mavuno yake. Nani atazitunza? Atagawiwa nani kwanza, na bila kumwaibisha? Amueni leo, kabla hamjaondoka, na mtaje jina la nyumba moja mtakayoitembelea Jumapili asubuhi mkiwa na majembe.